Madirisha ya ndege ndogo: Jinsi yanavyofungwa na kuzibwa

Anayeunda mfano wa kwanza wa ndege ndogo hutumia miezi mingi kwenye mabawa na injini, huku madirisha yakiachwa hadi mwisho. Hata hivyo, dirisha halijatengenezwa kwa kitu kimoja na kiunzi kinacholishika. Tofauti hiyo ndiyo inayozaa nyufa, uvujaji wa maji na, lililo baya zaidi, dirisha kung'oka angani.

Plastiki na joto

Madirisha ya ndege ndogo nyingi hutengenezwa kwa akriliki, plastiki angavu iitwayo pia pleksiglasi. Uzito wake haufikii nusu ya uzito wa kioo cha kawaida. Ipo pia polikaboneti, ambayo haivunjiki kwa urahisi, lakini huchubuka haraka na hudhoofishwa na petroli.

Akriliki hutanuka kwa joto mara tatu zaidi ya alumini. Joto likipanda kwa nyuzi 40 za Selsiasi, kipande cha akriliki chenye urefu wa mita 1 huongezeka kwa karibu milimita 2.8, ilhali alumini ya urefu huohuo huongezeka kwa milimita 0.9 tu. Ndege iliyoanikwa juani uwanjani, kisha ikapaa hadi kwenye hewa ya baridi, hupitia mabadiliko hayo kila safari. Dirisha lililobanwa pande zote halina pa kwenda, na hatimaye hupasuka. Kwa hiyo, kanuni ya kwanza ya kazi hii ni kulishika dirisha lisitoke, huku likiachiwa nafasi ya kusogea.

Kutoboa na kufunga

Ncha ya keekee ya kutobolea chuma huing'ata akriliki na kuipasua. Mafundi huinoa upya ili ikwangue badala ya kung'ata, huweka ubao nyuma ya plastiki, na hufanya kazi mahali penye joto, kwa kuwa akriliki yenye baridi huvunjika upesi. Tundu huwa pana kuliko bolti, na kingo zake husuguliwa kwa msasa, maana mkwaruzo mdogo unaweza kuwa mwanzo wa ufa.

Mwongozo wa mamlaka ya anga ya Marekani unaeleza kwamba nati za bolti zinazopita kwenye plastiki zikazwe hadi zishike, kisha zirudishwe nyuma mzunguko mmoja kamili. Hutumiwa nati zenye kujifunga zenyewe, zisije zikalegea kwa mtikisiko wa injini.

Baadhi ya wanaojiundia ndege za Van's Aircraft za Marekani wameacha skrubu na kutumia gundi inayonyumbuka. Gundi hiyo haipaswi kuwa nyembamba kama karatasi, kwani unene wake ndio unaoiwezesha kuvutika plastiki inaposogea. Ukingo uliogandishwa hufunikwa ili miale ya jua isiidhoofishe gundi.

Kuziba

Kazi ya kizibo si kubeba mzigo, bali ni kuzuia maji, upepo na moshi. Moshi wa injini una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kumlevya rubani kabla hajatambua. Silikoni yenye harufu ya siki haifai kugusana na alumini, kwa sababu hutoa asidi inayokula metali.

Nguvu ya hewa

Kwa mwendo wa kilomita 200 kwa saa karibu na usawa wa bahari, msukumo wa upepo hufikia takriban kilo 190 kwa kila mita mraba. Juu ya paa na ubavuni, hewa inayopita kwa kasi hulivuta dirisha kwenda nje. Dirisha lililowekwa kutoka ndani hukandamizwa na mvuto huo dhidi ya kiunzi chake, ilhali lililowekwa kutoka nje hutegemea vishikizo vyake pekee.

Ndege kubwa zimetoa mafunzo mawili. Mwaka 1954 ndege mbili za Comet zilivunjika angani, na uchunguzi ukaonyesha uchovu wa metali ulioanzia karibu na pembe za matundu ya kiunzi. Ndiyo maana pembe za matundu ya madirisha huviringwa. Tarehe 10 Juni 1990, kioo cha mbele cha ndege ya British Airways iliyotoka Birmingham kiling'oka na rubani akavutwa nusu ya mwili nje, ingawa aliokoka. Kati ya bolti 90 zilizokishikilia, 84 zilikuwa nyembamba kuliko ilivyotakiwa.

Majaribio na matunzo

Kabla ya kuruka, dirisha humwagiwa maji kwa mpira huku mtu akiwa ndani akitafuta unyevu. Katika safari za majaribio hubebwa kipima kaboni monoksidi, na baada ya kila safari matundu na kingo hukaguliwa upya.

Usafi wake hutaka maji mengi, sabuni laini na kitambaa kisichokwaruza. Petroli, asetoni na dawa za vioo zenye amonia huiachia akriliki nyufa nyembamba kama nywele. Rubani anayetua akilikabili jua la jioni huona mng'ao wa nyufa hizo mahali alipotarajia kuiona njia ya kutua.