Tetekuwanga, ugonjwa uliodharauliwa miaka mia mbili

Oktoba 1977, mpishi wa hospitali ya mji wa Merca, kusini mwa Somalia, alishikwa na homa. Ali Maow Maalin alikuwa na umri wa miaka 23. Kwanza aliambiwa ana malaria, akatibiwa malaria. Vipele vilipojitokeza, waliomhudumia wakabadili kauli: ni tetekuwanga tu, arudi nyumbani. Siku chache baadaye muuguzi mmoja akatoa taarifa, kikosi cha kutokomeza ndui kikafika, na ikabainika kwamba tetekuwanga ile ilikuwa ndui. Watu zaidi ya 50,000 wa eneo hilo walichanjwa kwa haraka. Baada ya Maalin, hakuna mtu mwingine duniani aliyeambukizwa ndui kwa njia ya kawaida, isiyotokana na maabara.

Neno dogo lile, "tu", lina historia ndefu. Kwa karne nyingi tetekuwanga lilikuwa jina la kuwatoa watu hofu: ukiambiwa ndiyo uliyo nayo, maana yake hufi, wala hubaki na makovu usoni.

Mtu wa kwanza kuzieleza ndui na tetekuwanga kwa makini kama maradhi tofauti alikuwa William Heberden, tabibu wa London, katika maelezo aliyoyasoma mbele ya matabibu wenzake mwaka 1767. Hoja yake haikuwa ya vitabuni. Walikuwapo watu waliougua tetekuwanga wakajiona wameshapita ndui, kumbe kinga ya ugonjwa mmoja haiuzuii mwingine. Heberden aliona pia kwamba aliyekwisha kuugua tetekuwanga haugui tena. Alama za kutofautisha zilizofundishwa baadaye kwa wahudumu wa kampeni ya ndui ni hizi. Vipele vya ndui hujaa usoni, mikononi na miguuni, na vyote huwa vya rika moja. Vya tetekuwanga hujaa zaidi kifuani na mgongoni, na mahali pamoja utakuta kipele kichanga, lengelenge lenye maji na gaga lililokauka.

Baada ya Heberden wataalamu waliiacha tetekuwanga kwa muda mrefu. Ugonjwa wa watoto, wa kuwashwa wiki moja na kurudi shuleni, nani aupe muda wake?

Aliyeanza kuona kwamba mambo si mepesi hivyo alikuwa János Bókay, daktari wa watoto wa Budapest, mwishoni mwa karne ya 19. Aligundua kwamba mtu mzima akipata mkanda wa jeshi nyumbani, watoto waliomzunguka huweza kuibuka na tetekuwanga. Jina hilo la Kiswahili linaeleza vizuri jinsi vipele vya mkanda wa jeshi vinavyouzunguka upande mmoja wa kifua au kiuno. Wagiriki wa kale nao waliuita mshipi. Miaka ya 1950 mtafiti Thomas Weller, huko Boston, aliotesha virusi vya magonjwa yote mawili maabara na kuthibitisha kwamba ni kimoja. Kisha mwaka 1965 daktari wa kawaida wa mji mdogo wa Cirencester, Uingereza, Edgar Hope-Simpson, akatoa maelezo ambayo hadi leo ndiyo yanayofundishwa. Alikuwa amewafuatilia wagonjwa wake wa mkanda wa jeshi kwa miaka 16, jumla yao 192. Hitimisho lake: mtoto akipona tetekuwanga, kirusi hakitoki mwilini. Hujificha kwenye vifundo vya neva kando ya uti wa mgongo, kikalala humo miongo kadhaa, na kinga ikilegea kwa uzee au maradhi, huamka.

Kwa hiyo "kupona" tetekuwanga ni kuishi na mpangaji asiyelipa kodi, anayesubiri mwenye nyumba azeeke.

Wakati Hope-Simpson akiandika hayo, mtafiti wa Kijapani alikuwa Houston, Texas, kwa masomo. Michiaki Takahashi, mzaliwa wa Osaka, alikuwa mtu wa virusi vya surua na polio. Tetekuwanga haikuwa kazi yake. Mwaka 1964 mwanawe wa miaka mitatu alicheza na mtoto wa jirani aliyekuwa na ugonjwa huo. Mtoto akaugua vibaya: vipele vikasambaa kwa kasi, homa ikapanda, pumzi ikawa ya shida. Takahashi na mkewe walikesha wakimtazama. Mtoto alipona, lakini baba, kama alivyosimulia mwenyewe uzeeni, alijiuliza elimu yake yote ya virusi ina faida gani kama haiwezi kulizuia hilo.

Alirudi Osaka mwaka 1965. Kazi ilikuwa ngumu kwa sababu kirusi hiki ni dhaifu sana nje ya mwili na hakipendi seli za wanyama. Takahashi alichukua majimaji ya malengelenge ya mtoto mmoja wa miaka mitatu wa ukoo wa Oka, akakiotesha kirusi mara 11 katika seli za binadamu kwenye joto la nyuzi 34, chini kidogo ya joto la mwili, kisha mara 12 katika seli za simbilisi, mnyama mmoja kati ya wachache sana wanaokikubali. Kila hatua ilikizoesha maisha ya ugenini na kukipunguzia makali kwa binadamu. Mwaka 1974 matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet. Tetekuwanga ilikuwa imeingia katika wodi ya watoto, baadhi yao wakitumia dawa za steroidi zinazodhoofisha kinga. Watoto ambao hawajawahi kuugua walichanjwa mara moja, na ugonjwa haukuenea.

Sifa hazikumiminika. Marekani baadhi ya madaktari waliuliza maswali ambayo, kwa haki, yalikuwa ya msingi. Je, kirusi cha chanjo nacho hakitajificha kwenye neva? Na kinga ya chanjo ikichakaa, si tutakuwa tumeahirisha ugonjwa wa mtoto uje kumkuta akiwa kijana? Hilo la pili ndilo zito. Kabla ya chanjo, Marekani ilikuwa na wagonjwa takriban milioni 4 kwa mwaka na vifo 100 hadi 150. Watu wazima walikuwa asilimia 5 hivi ya wagonjwa, lakini takriban theluthi ya waliokufa, wengi kwa nimonia.

Chanjo iliidhinishwa Marekani Machi 1995: dozi moja kwa watoto, dozi mbili kwa wenye miaka 13 na zaidi, kwa kuwa miili yao huitikia chanjo hafifu kuliko ya wadogo. Miaka michache baadaye, katika kituo cha kulelea watoto cha Concord, New Hampshire, mtoto mwenye afya njema aliyechanjwa miaka mitatu nyuma aliugua na kuwaambukiza zaidi ya nusu ya wenzake darasani ambao hawakuwahi kuugua. Dozi moja haikutosha. Mwaka 2006 ikaongezwa ya pili, kati ya umri wa miaka minne na sita.

Hata hivyo wapo wazazi waliobaki na imani ya zamani kwamba heri mtoto aupate mapema, wakamkutanisha na mgonjwa kwa makusudi. Novemba 2011 mwendesha mashtaka wa serikali ya Marekani mjini Nashville alilazimika kuwaonya wazazi kwamba kutumiana kwa posta pipi zilizorambwa na watoto wagonjwa ni kosa la jinai.

Katika nchi za joto hesabu ni nyingine. Kwa kawaida kirusi huenea polepole zaidi kuliko katika nchi za baridi, na watu wengi huvuka utoto bila kukutana nacho, wakaja kuugua wakiwa vijana au watu wazima. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani, mwaka 2014, lilizitahadharisha serikali: ukianza kuchanja watoto wote, fikia angalau asilimia 80, la sivyo utausogeza ugonjwa kwa wakubwa. Isitoshe, aina moja ya chanjo huhitaji kuhifadhiwa chini ya nyuzi 15 hasi, wakati majokofu ya zahanati nyingi ni ya nyuzi 2 hadi 8.

Japani iliiingiza chanjo ya Takahashi katika ratiba ya watoto wote Oktoba 2014. Mwenyewe alikuwa amefariki Desemba 2013.

Na lile swali la kwanza la wapinzani wake? Walikuwa sahihi: kirusi cha chanjo nacho hujificha kwenye neva. Lakini utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2019 ulionyesha kwamba watoto waliochanjwa hupata mkanda wa jeshi pungufu kwa asilimia 78 kuliko wasiochanjwa. Watoto wa kwanza kuchanjwa huko mwaka 1995 bado hawajafikisha miaka 50, umri ambao mkanda wa jeshi huanza kushamiri.