Ngozi ya Mtoto Hupangwa na Nani Tumboni?

Hebu tazama kiganja chako. Ngozi hiyo si kitu kimoja, ni tabaka juu ya tabaka kama chapati iliyokunjwa vizuri. Seli huzaliwa chini, husukumwa juu, hufa na kubanduka. Lakini mimba ikiwa changa kabisa, mtoto hufunikwa na tabaka moja tu. Nani huamuru mengine yaongezeke?

Jibu lilianza kupatikana mwaka wa 1999. Makundi mawili ya watafiti Marekani, moja la Frank McKeon wa Chuo Kikuu cha Harvard na lingine la Alea Mills na Allan Bradley mjini Houston, yalizalisha panya wasio na jeni iitwayo p63. Jeni hii ni kama msimamizi wa mjengo: huwasha na kuzima jeni nyingine. Vitoto vya panya vilizaliwa bila matabaka ya ngozi, miguu ya nyuma haikuwepo, na vikafa upesi kwa kupoteza maji. Wataalamu walibishana. Kundi moja lilisema seli za ngozi hazikujua kazi yake, lingine likasema seli mama ziliisha mapema.

Nikisoma habari hiyo huwakumbuka watoto wanaozaliwa kabla ya wakati, ngozi nyekundu inayong'aa. Jeni zao kwa kawaida ni nzima, ila ngozi haikupewa muda, na maji huwatoka haraka. Ndiyo maana twawafunika na kuwaweka kifuani mwa mama.

Mwaka huohuo wa 1999, Hans van Bokhoven na wenzake kule Uholanzi walionyesha kwamba hitilafu katika nakala moja tu ya p63 huweza kuleta viganja vilivyogawanyika, mdomo uliopasuka, nywele chache na meno pungufu. Ni hali adimu, na si kila mdomo uliopasuka unatokana nayo.

Nasema haya kwa sababu ya mama mmoja aliyekuja kliniki na mtoto mwenye vidole vya namna hiyo. Mama mkwe alikuwa amemrudisha kwao, eti ameleta laana. Nilimwita mume. Nikamweleza kwamba kila mtu ana nakala mbili za jeni hii, moja ya baba, moja ya mama. Hitilafu huweza kutoka upande wowote, au ikazuka upya bila mzazi yeyote kuwa nayo. Alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza mtoto atashonwa mdomo lini.