Kitufe Chekundu

Simama Luthuli Avenue, Nairobi, Jumamosi jioni, usikilize. Kila duka limetoa spika mlangoni na kila spika inataka kuizima ya jirani. Wufa zimepangwa hadi darini, taa za buluu na nyekundu zinacheza, na kwenye maboksi imeandikwa kwa herufi kubwa: wati 10,000 PMPO. Mnunuzi anapigwa na besi kifuani, anatikisa kichwa, analipa kwa simu, anaita bodaboda. Kesho yake ploti nzima itajua amenunua.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Stima ya Kenya ni volti 240. Fyuzi kubwa kabisa ya plagi yetu ya miguu mitatu ni ampea 13. Zidisha, utapata wati 3,120. Hiyo ndiyo nguvu yote ambayo soketi moja ya ukutani inaweza kutoa bila fyuzi kuungua. Hizo nyingine karibu elfu saba wufa inazitoa wapi? Hakuna mahali. PMPO ni kipimo cha mlipuko wa kufikirika, wa sehemu ndogo sana ya sekunde, na kila kiwanda hupima vile kinavyotaka. Kipimo cha kuaminika kinaitwa RMS, yaani nguvu ambayo mashine inaweza kuitoa mfululizo bila kulia kama chura. Geuza wufa usome kibandiko cha nyuma. Mara nyingi utakuta wati makumi tu.

Sisemi wufa ni takataka. Ukilinganisha sauti kwa sauti, mashine ya leo ya sebuleni inaishinda redio kaseti ya zamani mchana kweupe. Redio kaseti ya betri sita kubwa ilikuwa na volti 9 tu za kuchezea, kwa hivyo ilitoa wati chache. Kaseti yenyewe ilikuwa na utepe mwembamba, chini ya milimita nne, uliopita kwenye kichwa cha mashine kwa mwendo wa sentimita 4.76 kwa sekunde. Utepe mwembamba na mwendo wa kobe maana yake ni mvumo wa “shhh” nyuma ya kila wimbo, na sauti za juu zinazopotelea njiani. Betri zikichoka, mwimbaji naye alichoka. Watu walizitoa, wakazianika juani, wengine wakaziuma kwa meno, ili wapate angalau taarifa ya habari ya saa moja.

Kwa hivyo kama swali ni mashine ipi ina sauti nzuri, tumemaliza, twende nyumbani. Mimi swali langu ni lingine. Mashine hizi mbili zinamruhusu msikilizaji afanye nini?

Kwanza, tusichanganye koo. Wufa haikuzaliwa na redio kaseti. Babu yake ni redigramu, ile kabati ya mbao yenye redio na sahani za santuri, iliyokaa sebuleni kwa wenye uwezo, juu yake kitambaa cha kufuma na picha ya harusi. Redigramu ilikuwa fanicha. Ilisema: hapa kuna mwenye nyumba, wewe ni mgeni, keti. Redio ya kubeba ni ukoo tofauti kabisa, na barani kwetu historia yake ina sufuria ndani.

Mwaka 1949, huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, afisa wa kikoloni aliyeitwa Harry Franklin alikuwa ametafuta kwa muda redio ambayo Mwafrika wa kawaida angeweza kuinunua. Kampuni ya Ever Ready ikakubali kumtengenezea. Mfano wa kwanza uliundwa ndani ya sufuria ya alumini, na jina likabaki hilo: redio ya sufuria. Ilipakwa rangi ya buluu, ikatumia betri, ikauzwa pauni 5. Serikali ya kikoloni ilitaka sauti yake ifike vijijini. Ilifika kweli, lakini watu wakishapata sikio huwezi kuwachagulia la kusikia.

Transista ikaja ikapunguza kila kitu. Iligunduliwa mwaka 1947 katika maabara za Bell, Marekani, na kufikia mwaka 1954 tayari kulikuwa na redio ya kuingia mfukoni sokoni. Kisha, mwaka 1963, kampuni ya Philips ikaonyesha kaseti ndogo kwenye maonyesho ya Berlin. Aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Mholanzi Lou Ottens. Philips ingeweza kuifungia kaseti yake na kutoza kila mtu, lakini Sony iliibana ikakubali kutoa leseni bila malipo. Uamuzi huo mmoja ndio uliofanya kaseti ya Nairobi ilie kwenye mashine ya Osaka na ya Eindhoven bila matata. Muda si muda redio na kaseti vikawekwa ndani ya kasha moja lenye mpini.

Na kwenye kasha hilo kukawa na kitufe chekundu. REC.

Kabla ya hapo, kurekodi sauti kulihitaji studio, mhandisi, na mtu wa kukuruhusu. Sasa kulihitaji vidole viwili, kimoja kwenye kitufe chekundu na kingine kwenye PLAY. Mombasa walielewa haraka. Taarabu ya huko iliishi harusini, na kaseti ikaifuata harusini. Duka la Mbwana Radio Service lilijijengea jina kwa kurekodi na kuuza kaseti za waimbaji wa pwani, na sauti kama za Juma Bhalo na Zein l’Abdin zikasafiri mbali kuliko waimbaji wenyewe. Masheikh wakarekodi mawaidha, wahubiri wakarekodi mahubiri. Mtu aliye mbali na kwao akatuma barua ya kaseti badala ya karatasi, na mama asiyejua kusoma akaisikiliza bila kumwomba mtoto wa jirani amsomee siri zake.

Kuna tarehe moja inayoonyesha tofauti ya redio na kaseti vizuri. Tarehe 1 Agosti 1982, Jumapili, wanajeshi wa kikosi cha anga waliteka Sauti ya Kenya. Leonard Mambo Mbotela, mtangazaji ambaye nchi nzima iliijua sauti yake, alichukuliwa alfajiri akalazimishwa kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Siku hiyo hiyo jeshi tiifu likaikomboa stesheni. Angalia vile waasi walifikiri: ukishika kipaza sauti kimoja, umeshika masikio yote. Na hawakukosea sana, kwa sababu wakati huo hapakuwa na redio ya binafsi. Capital FM, ya kwanza, ilikuja mwaka 1996.

Lakini huwezi kuteka kaseti kwa njia hiyo. Mwaka 1990 ndio ushahidi. Februari, Waziri wa Mambo ya Nje Robert Ouko aliuawa. Mei, vibanda vya Muoroto, Nairobi, vilibomolewa na wakazi wakapambana na askari. Julai, Kenneth Matiba na Charles Rubia wakawekwa kizuizini, na siku chache baadaye ikaja Saba Saba. Redio ya taifa haikuimba kuhusu hayo. Kaseti ziliimba, nyingi kwa Kikuyu. Ziliuzwa River Road, zikapigwa kwenye matatu, zikanakiliwa nyumbani usiku kutoka mashine moja hadi nyingine. Serikali ikaanza kuwakamata wachuuzi na kunyakua kaseti. Hebu fikiria dola nzima, na jeshi lake, ikifukuzana na utepe wa plastiki wa dakika 60! Na ikashindwa, maana kila aliyekuwa na kaseti moja na kitufe chekundu alikuwa kiwanda.

Msinielewe vibaya, kitufe hicho hakikuwa malaika. Kiwanda hicho hicho kiliwaibia wanamuziki wetu. Mtu alinunua kaseti moja halali, akatoa mia bandia, na aliyetunga wimbo akabaki na umaarufu bila unga. Na redio ndogo ya kubeba inaweza kubeba sumu pia. Rwanda, mwaka 1994, watu walisimama kwenye vizuizi vya barabarani na redio mkononi, wakisikiliza RTLM ikiwachochea kuua. Urahisi wa kubeba haumfanyi mtu kuwa mwema. Unampa nafasi tu.

Nafasi hiyo ilianza kupungua mahali ambapo hatukutarajia. Tarehe 1 Julai 1979 Sony iliuza Walkman ya kwanza Japani. Wengi huisifu kama mwanzo wa uhuru wa msikilizaji, na kweli ilikuwa ndogo na tamu. Ila watu husahau ilitoka wapi. Sony ilichukua kinasa sauti chake kidogo cha waandishi wa habari, kilichoitwa Pressman, ikaondoa spika na ikaondoa uwezo wa kurekodi. Ndani ya kampuni kulikuwa na wasiwasi: nani atanunua mashine ya kaseti isiyorekodi? Akio Morita akasisitiza itauzika. Ikauzika kwa mamilioni. Ile ya kwanza angalau ilikuwa na matundu mawili ya vipokea sauti ili wawili wasikilize pamoja, na kitufe cha rangi ya chungwa cha kuzungumziana juu ya muziki. Baadaye hicho nacho kikatolewa. Soko lilikuwa limejifunza kwamba tunaweza kulipa pesa zaidi tufanye machache zaidi.

Wufa ya leo ndiyo kilele cha somo hilo. Ina Bluetooth, ina tundu la flashi, ina rimoti yenye vitufe thelathini. Tafuta chekundu cha kurekodi. Kile chekundu utakachokiona ni cha kuzima.

Mwaka jana shangazi yangu alihama Kayole, na chini ya kitanda tukatoa katoni ya kaseti. Ploti ile ilikuwa na wufa tatu ninazozijua, na hata moja haikuweza kutuambia ndani mna nini. Nikapeleka redio kaseti ya marehemu babu kwa fundi mmoja kwenye ghorofa za nyuma ya Luthuli.

“Fundi, hii itapona?”

Akaifungua, akacheka. “Kijana wangu, kwani nani alikwambia inaumwa? Mkanda tu wa raba umeoza. Nipe mia tano urudi saa kumi.”

Kaseti nyingi zilikuwa nyimbo zilizonaswa redioni, mwanzo umekatwa, mtangazaji akiongea juu ya gitaa. Moja, katikati ya nyimbo, ilikuwa na dakika nne hivi za uani. Nadhani kuna mtu alikuwa akijaribu mashine. Mwanamke anabishana na muuza kuku. “Huyu ni kuku ama ni njiwa?” anauliza, na watu wanacheka. Muuzaji anaapa. Mwanamke anamwambia arudi kuku akishakua. Shangazi alikuwa amesimama jikoni, akakaa kwenye kiti polepole.

“Huyo ni mama,” akasema.

Nyanya yangu alifariki kabla sijazaliwa. Tuna picha zake mbili, zote amenuna kwa sababu ya kamera. Sauti yake tulikuwa hatuna, au tuseme tulikuwa nayo chini ya kitanda miaka yote hiyo, ikingoja mkanda wa raba wa mia tano.

Najua utasema nini: simu inarekodi, tena vizuri kuliko ile mashine. Ni kweli. Mrithi halali wa redio kaseti ni simu. Ni ya kubeba, ina betri, ina kipaza sauti, na kwenye programu ya kunasa sauti kitufe bado ni chekundu. Wale wa 1990 wangeipenda sana. Lakini simu inaibwa kwenye matatu, inajaa, inabadilishwa kila miaka michache. Sauti za mama zako ziko kwenye jumbe za WhatsApp kati ya memes na michango ya harusi, na siku utakaposahau neno la siri zitaenda na akaunti. Nyimbo zako za Spotify si zako, unakodisha. Katoni chini ya kitanda haikuhitaji tokeni wala bando ili iendelee kuwepo.

Hata katoni haitadumu, na hapa ndipo kuna haraka. Utepe wa kaseti ni plastiki iliyopakwa unga wa chuma kwa gundi. Joto, unyevu na vumbi vinaila. Sony ilitangaza mwaka 2010 kwamba inaacha kutengeneza Walkman za kaseti kwa soko la Japani. Kiwanda cha betri cha Eveready pale Nakuru kilifungwa mwaka 2014. Mafundi wanaojua mkanda gani unaingia wapi wanazeeka, na wanao wengi wanatengeneza skrini za simu.

Kwa hivyo kama una pesa za wufa, nunua, ufurahie, jirani zako nitakuombea. Kisha mpigie simu mtu mzee wa familia yenu umuulize kuhusu kaseti. Usizicheze kwenye mashine iliyolala miaka ishirini kabla fundi hajaisafisha kichwa na kubadilisha mikanda, maana itazitafuna. Waya wa kutoka tundu la vipokea sauti hadi kwenye kompyuta ni bei ya chipsi. Nakili upande A na upande B, hata ile iliyoandikwa “nyimbo tu”. Weka nakala mahali zaidi ya pamoja, na uandike ni nani anaongea wakati bado kuna mtu anayemjua.