Kichupa cha Posta na Kamera ya Hospitali

Huko Scotland, ukishatimiza miaka 50, bahasha inakufuata nyumbani bila wewe kuiomba. Ndani mna kichupa chenye kijiti. Unakikwaruzia kijiti kwenye haja kubwa mpaka vifereji vyake vijae, unakirudisha kichupani, unaandika tarehe, unakitia posta, gharama imeshalipwa. Hujaonana na daktari wala muuguzi. Maabara inatafuta damu isiyoonekana kwa macho, maana saratani ya utumbo mpana, na hata vinyama vinavyoitangulia, huweza kuvuja damu muda mrefu kabla mtu hajahisi chochote.

Marekani wana desturi nyingine. Kule kipimo chenye hadhi ni kolonoskopi: unakunywa dawa ya kuharisha hadi tumbo litakate, unapewa dawa ya usingizi, kisha kamera inapitishwa utumbo mpana wote. Mtangazaji Katie Couric, aliyefiwa na mumewe kwa saratani hiyo mwaka 1998, alifanyiwa kipimo hicho televisheni ikionyesha, mwaka 2000, na wengi wakajitokeza kupimwa. Kamera inastahili sifa zake: ikikuta kinyama, daktari anakiondoa papo hapo. Ila hakuna barua ya serikali. Daktari wako ndiye anayekukumbusha, kama unaye. Bima ndiyo inayolipa, kama unayo.

Wapo wanaokiona kichupa kuwa kipimo cha kubania pesa. Sikubaliani nao. Utafiti mkubwa wa Hispania, ambao matokeo yake ya miaka kumi yalichapishwa 2025, uliwaalika watu kwa njia zote mbili. Walioalikwa kwa kichupa waliitikia karibu asilimia 40, walioitwa kwenye kamera asilimia 32 hivi, na vifo vya saratani hiyo katika makundi hayo vikawa karibu sawa. Kamera huona zaidi, lakini haimwoni aliyebaki nyumbani. (Wajerumani, wenye kolonoskopi ya uchunguzi tangu 2002, wameamua kumwachia mtu achague mwenyewe.)

Kasoro ya kichupa naiona kwingine: damu kiasi gani ihesabiwe kuwa nyingi? Kila anayevuka kiwango lazima apelekwe kwenye kamera hiyo hiyo, na wanaojua kuiendesha si wengi. Uholanzi ilianza 2014 na kiwango cha chini. Waliohitaji kamera wakazidi matarajio, na mwaka huo huo kiwango kikapandishwa. Scotland ilipoanza kutumia kipimo hiki 2017 iliweka mikrogramu 80 za hemoglobini kwa kila gramu ya kinyesi. England, 2019, ikaweka 120. Basi aliyekutwa na 100 akiwa mkazi wa Dumfries, Scotland, aliitwa hospitali. Mwenzake wa Carlisle, upande wa pili wa mpaka, mwendo wa gari usiofika saa moja, aliandikiwa kwamba hahitaji uchunguzi zaidi kwa sasa, asubiri kichupa kingine baada ya miaka miwili.