Mbuzi, Kamba na Damu ya Agano



Wapendwa Taifa la Mungu, linaposomwa somo la kitabu cha Mambo ya Walawi, lenye mafahali, mafuta na damu, wengi wetu hulivumilia tu hadi Injili ianze. Yanatuhusu nini hayo, sisi ambao altare zetu hazina kisu wala moto? Juma hili tuyatafakari tukianzia hapa hapa mlimani.

Kabla ya utawala wa Wajerumani, Kilimanjaro iligawanyika katika tawala nyingi za Mangi, Mwika ikiwa mojawapo, nazo zilipigana mara kwa mara. Amani kati yao haikuwekwa kwa maneno matupu. Mwaka 1907 mmisionari Mlutheri Johannes Raum alichapisha maelezo ya maagano ya Wachagga. Wapiganaji wa pande mbili waliketi mahali pa wazi, wamesongamana. Vijana wawili ambao hawajatahiriwa waliwazungushia kamba ndefu, pamoja na mwanambuzi, mara tatu au mara saba, hata wote wakawa ndani ya duara moja. Ndipo kamba na mwanambuzi vikakatwa vipande viwili, na laana ikatamkwa: atakayevunja agano na awe kama hivi. Vijana hao, wasio na watoto bado, walikuwa ishara ya adhabu iliyoogopwa kuliko zote, yaani kufa bila uzao.

Mwaka 1918 mtaalamu wa Uingereza James Frazer aliiweka ibada hiyo kando ya sura ya 15 ya kitabu cha Mwanzo. Huko Abramu anapasua ndama, mbuzi na kondoo dume, na kuvipanga vipande vikielekeana. Kwa Kiebrania watu hawafanyi agano, bali “hulikata”. Nabii Yeremia, katika sura ya 34, anawaonya waliopita kati ya vipande vya ndama kisha wakavunja kiapo chao cha kuwaacha huru watumwa. Maana yake ni ile ile: anayeapa anajiweka mahali pa mnyama. Lakini tazameni jambo la ajabu. Katika Mwanzo, Abramu hapiti. Unapita moto peke yake, ishara ya Mungu. Mwenyezi ndiye anayejifunga kwa kiapo.

Hapo tunaelewa kwamba sadaka za Waebrania hazikuwa rushwa kwa Mungu mwenye njaa. Zaburi ya 50 inalikataa wazo hilo waziwazi. Neno lao la sadaka, korban, lina mzizi mmoja na neno letu “karibu”, lililotujia kutoka Kiarabu. Kutoa sadaka ni kukaribia. Sadaka ya kuteketezwa ilipanda yote kwa Mungu. Katika sadaka ya amani, mafuta yalikuwa ya Mungu, kidari na paja la kulia vya kuhani, na nyama iliyobaki ililiwa na mtoaji pamoja na watu wake. Mchagga hawezi kulishangaa hilo, kwani anajua kwamba mnyama akichinjwa nyumbani, kila sehemu ina mwenyewe kwa kadiri ya undugu.

Musa naye, chini ya mlima Sinai, alinyunyiza nusu ya damu juu ya altare na nusu juu ya watu. Ni damu hiyo ya agano aliyoitaja Bwana wetu juu ya kikombe, usiku ule wa kuamkia mateso yake. Sisi ndio tuliovunja kiapo. Adhabu ya mvunja agano ikamwangukia Yeye aliyepita kati ya vipande. Sadaka za Hekalu zilikoma Warumi walipolibomoa mwaka 70. Waraka kwa Waebrania unafundisha kwamba Kristo alijitoa mara moja tu, na Mtaguso wa Trento, mwaka 1562, ulifafanua kwamba katika Misa ni Kristo yule yule anayejitoa. Namna ya kutoa ndiyo tofauti. Kwa hiyo hatuhitaji kurudia matambiko ya wazee. Lakini tusiwadharau: walijua kwamba amani ina gharama, na kwamba aapaye hujifunga.

Je, sisi tunajua? Ndugu wawili wamegombania mpaka wa kihamba kwa miaka mingi. Wakati wa Noeli kila mmoja anachinja kwake, kisha wanapanga mstari mmoja kupokea Ekaristi Takatifu bila kusalimiana. Wapiganaji wa kale, waliouana ndugu zao, waliweza kuketi ndani ya kamba moja. “Amina” yetu mbele ya Mwili wa Kristo ni kiapo kizito kuliko kile. Bwana ametuagiza tuiache sadaka mbele ya altare, twende kwanza tukapatane.

Sale tulilopanda kuonyesha mpaka ndilo jani lile lile Mchagga analolipeleka kwa ndugu yake kuomba msamaha. Halihitaji kutafutwa mbali. Mmoja wao alichume, avuke mpaka, kabla ya Dominika ijayo.

Nawatakieni juma lenye amani na baraka tele.