Mashine nafuu za kuunda peptidi: zilikotoka na zinakoishia

Mashine ya kuunda peptidi ilikuwa kwa miaka mingi mali ya maabara zenye fedha. Siku hizi mtafiti anaweza kujiundia yake kwa vali, pampu na bodi ndogo ya kielektroniki. Kazi ngumu iliyobaki ni kuthibitisha kwamba kilichotoka ndani yake ndicho kilichokusudiwa.

Peptidi ni mnyororo mfupi wa asidi amino, viungo vile vile vinavyojenga protini. Oksitosini, homoni inayotumiwa hospitalini kuzuia mama asivuje damu nyingi baada ya kujifungua, ina asidi amino 9 tu. Insulini ina 51. Watafiti huzihitaji peptidi pia wanapochunguza chanjo, vipimo vya maradhi na dawa mpya. Anayezikosa, utafiti wake husubiri.

Kutunga shanga

Mmarekani Vincent du Vigneaud aliunda oksitosini mwaka 1953, na miaka miwili baadaye akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Njia ya wakati huo ilikuwa ya taabu, kwani kila kiungo kilipoongezwa, zao lake lilipaswa kutengwa na kusafishwa upya.

Bruce Merrifield, wa Taasisi ya Rockefeller mjini New York, alikuja na wazo jepesi. Mwaka 1963 alieleza jinsi asidi amino ya kwanza inavyoweza kushikizwa kwenye chembe ndogo za plastiki, na nyingine zikaongezwa moja baada ya moja, kama mtu atungaye shanga. Mnyororo ukiwa umeshikamana na chembe hizo, uchafu huondolewa kwa kusuuza na kuchuja tu.

Kazi yenyewe ni mzunguko wa hatua chache. Kila asidi amino huja ikiwa na kizuizi upande mmoja, ili isijiunge ovyo. Kizuizi huondolewa kwa kemikali, chembe husuuzwa, asidi amino inayofuata huunganishwa, kisha chembe husuuzwa tena. Mwishoni asidi kali huukata mnyororo kutoka kwenye plastiki.

Kazi ya kujirudia hivyo yafaa kuachiwa mashine. Mwaka 1965, katika chumba cha chini cha nyumba yake, Merrifield alikamilisha mtambo wa kwanza akishirikiana na John Stewart. Silinda yenye pini, mfano wa ile iliyomo katika kisanduku cha muziki, ndiyo iliyoamuru vali na pampu. Mwaka 1969, yeye na Bernd Gutte walitangaza kuwa wameunda kimeng'enya chenye asidi amino 124, kazi iliyohitaji hatua 11,931. Merrifield alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1984.

Unafuu ulivyoingia

Unafuu wa kwanza haukuhitaji hata umeme. Mwaka 1985 Richard Houghten, huko California, alizitia chembe katika vifuko vya wavu wa plastiki, mfano wa vifuko vya majani ya chai. Vifuko vingi vilisuuzwa pamoja katika chombo kimoja, na peptidi 248 zikapatikana katika muda usiozidi wiki nne.

Bodi za Arduino, zilizobuniwa Italia mwaka 2005, zilishusha bei ya kuongoza vali na pampu. Mwaka 2017 mtafiti wa Chuo Kikuu cha Oklahoma alichapisha maelezo ya mashine huria ya kuunda peptidi inayotumia bodi hiyo, pamoja na programu yake, ili wengine waweze kuiiga.

Hesabu isiyosamehe

Hata hivyo, bei ya mashine haibadilishi kanuni za kemia. Kila hatua ya kuunganisha ikifaulu kwa asilimia 99, baada ya hatua 50 minyororo iliyokamilika huwa karibu asilimia 60. Ufanisi ukishuka hadi asilimia 95, hubaki chini ya asilimia 8. Kwa hatua 10 tu, kiwango hicho hicho cha 95 bado huacha karibu asilimia 60. Ndiyo maana mashine ya kujiundia hufaa zaidi kwa minyororo mifupi.

Minyororo yenye kasoro hufanana mno na iliyo kamili. Kuitenganisha na kupima uzito wa molekuli zake huhitaji mitambo iliyo ghali kupita mashine yenyewe, na mara nyingi vyuo hulazimika kuitumia kwa pamoja. Kemikali nazo zina hatari: baadhi huunguza ngozi, nyingine hudhuru ini, na mvuke wake huhitaji kabati maalumu la kuuvuta nje. Peptidi iliyotoka kwenye mashine ya namna hii ni ya utafiti, wala haipaswi kudungwa mwilini mwa mtu.

Vifaa vya ramani huria si vigeni Afrika Mashariki. Nchini Tanzania, mafundi wa Dar es Salaam na watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walishirikiana na wenzao wa Uingereza katika kuunda hadubini ya OpenFlexure, ambayo sehemu zake huchapishwa kwa plastiki, na kuijaribu katika uchunguzi wa malaria. Faida yake kubwa ni kwamba kifaa kikiharibika, fundi aliye karibu anaweza kukitengeneza.

Faida hiyo inaweza kupatikana pia kwa mashine za peptidi, mradi maabara inayoziunda iwe na mahali pa kupima kilichotoka humo kabla ya kukiamini.