Kauri 68

Kutoka Same mjini hadi baharini ni safari ya saa nyingi kwa basi, kupitia Hedaru, Mombo, Korogwe na Segera. Hata hivyo, ingia sebule za watu wa milimani kule Mamba, Gonja au Suji, utaikuta bahari imekaa juu ya kabati: kombe kubwa la pambo, fremu ya picha iliyobandikwa magamba, chupa ya mchanga mweupe. Wengi wetu tumekua tukiviona vitu hivyo bila kuvitazama. Mimi nasoma shahada ya uzamili ya historia, na kazi hii imenizoesha kumhoji kila msafiri, hata asiye na mdomo: ni nani alikibeba kitu hiki, kwa njia gani, na kwa nini hakukitupa njiani?

Ninayemhoji hapa ni kamba ya mkonge yenye kauri 68. Aliitengeneza bibi yangu mzaa mama, milimani Upare Kusini, kati ya 1978 na 1986. Ina vifundo vitano vinavyoigawa katika mafungu sita. Ukihesabu kuanzia mwanzo wa kamba, mafungu yana kauri 14, 12, 14, 9, 12 na 7. Kila fungu ni safari moja ya likizo kwenda Tanga, na kila kauri ni siku moja iliyokaliwa huko. Bibi hakuandika shajara wala hakuacha barua. Aliacha kamba.

Kwanza niseme kwamba hakuwa mtu wa kwanza kupandisha bahari milimani. Bonde la Mto Pangani limekuwa njia kati ya pwani na bara kwa muda mrefu kuliko tunavyofundishwa shuleni. Mwanaakiolojia Jonathan Walz, katika utafiti aliouwasilisha Chuo Kikuu cha Florida mwaka 2010, alifuatilia bonde hilo kuanzia mwaka 500 hadi 1900 Baada ya Kristo, akakuta magamba ya bahari na shanga za magamba mbali kabisa na ufuo. Maana yake ni kwamba zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, kabla ya reli na kabla ya misafara mikubwa tunayoisoma vitabuni, kulikuwa na watu wa bara waliotaka kipande cha bahari kiwe mwilini mwao au nyumbani mwao.

Kutengeneza shanga ya gamba ni kazi ya mkono na ya subira. Unavunja gamba vipande vidogo, unatoboa kila kipande katikati kwa ncha ngumu, unavitunga pamoja, kisha unausugua mkufu mzima juu ya kitu chenye mfereji hadi kingo zote ziwe duara. Huko Tumbe, kisiwani Pemba, wanaakiolojia wamechimbua kwa wingi vigae vya vyungu vyenye mifereji ya kusugulia, vya kati ya karne ya 7 na ya 10. Havikukutwa kwenye jumba moja la mfalme. Vilitapakaa katika makazi ya watu wa kawaida. Chungu kinavunjika, kigae kinaokotwa, na mtu anaketi barazani kusugua. Nikisoma taarifa hizo naisikia ile sauti ya kukwaruza, kwa kuwa mama amenisimulia jinsi bibi alivyosugua migongo ya kauri kwenye kizingiti cha saruji cha chumba cha Tanga hadi tundu likafunguka, tayari kupitisha uzi. Sidai kwamba alirithi ujuzi huo wa Tumbe. Gamba ni gamba, na mikono inayolikuta hugundua njia zinazofanana.

Lakini njia hiyohiyo ina sura nyingine, na siwezi kuiruka kwa sababu tu nampenda bibi yangu. Katika karne ya 19 mji wa Pangani ulikuwa mlango wa misafara ya kwenda Upare, Kilimanjaro na mbele zaidi. Kutoka pwani zilipanda nguo, shanga za kioo na nyaya za shaba. Kutoka bara zilishuka pembe za ndovu, na walishuka watu waliotekwa. Profesa Isaria Kimambo, aliyeandika historia ya kisiasa ya Wapare na kuichapisha mwaka 1969, alionyesha jinsi biashara hiyo ilivyochangia kuzivunja tawala za milimani, watawala na wafanyabiashara wakigombania bidhaa za pwani. Shanga iliyoonekana shingoni mwa mtu mmoja ingeweza kuwa bei ya mtu mwingine.

Kauri nazo hazikuwa za watoto kuokota tu. Kuanzia miaka ya 1840, kampuni za Hamburg kama ya Hertz na ya O'Swald zilinunua kauri za Zanzibar na za mwambao wetu, zikazipeleka kwa meli hadi Afrika Magharibi, ambako kauri zilitumika kama fedha. Zilichukuliwa nyingi mno, hata zikaishusha thamani fedha hiyo. Hivyo kiumbe mdogo wa mwamba wetu akawa sarafu ya soko ambalo mwokotaji wake hakuwahi kuliona.

Ndiyo maana nalitumia neno zawadi kwa uangalifu. Gamba lenyewe halina wema wala ubaya. Limewahi kuwa urembo, fedha na malipo ya mtu. Kinachoamua ni mkono uliolishika na sababu ya kulishika.

Basi turudi kwenye sababu ya bibi. Reli ya Usambara ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, ikafika Mombo 1905 na Moshi 1911, ikipita Same chini ya milima. Mwaka huohuo wa 1893 Richard Hindorf alileta miche ya mkonge kutoka Florida. Ilipitia Hamburg, mji uleule wa wanunuzi wa kauri. Katika miche 1,000, ni 62 tu iliyofika hai, na kwa hiyo 62 mwambao wa Tanga ukageuka mashamba. Mashamba yalihitaji watu, bandari ilihitaji watu, na reli yenyewe ilihitaji watu. Wanaume wa milimani walishuka. Wanawake wengi walibaki na mahindi, maharage, migomba na watoto.

Babu yangu alikuwa fundi wa reli Tanga. Bibi alibaki mlimani na watoto wanne. Babu alipanda mara moja kwa mwaka alipopata likizo, na kuna mwaka hakupanda kabisa. Bibi akatafuta njia yake. Shule zilipofungwa, naye akiwa amepata nauli, aliwashusha watoto hadi stesheni ya Same wakapanda treni.

Leo tukisema likizo ya ufukweni tunafikiria kupumzika. Kwa nyumba kama ya bibi, ufuko ulikuwa mahali pa kazi ya baba, na likizo ilikuwa muda mfupi ambao familia ilikaa chini ya paa moja. Mama anakumbuka chumba kimoja, mikeka miwili ya ukindu, na jioni za kwenda Raskazone baba alipotoka zamu. Kila jioni mtoto mmoja, kwa zamu, aliruhusiwa kuchagua kauri moja. Moja tu. Wadogo zake walilia wakitaka kujaza mfuko. Bibi aliwaambia kwamba siku ni moja, basi na kauri ni moja.

Waliokuwa na mazoea ya bahari walimfundisha bibi mambo mawili. La kwanza, aokote gamba tupu, kwa kuwa lenye mnyama ndani litanuka nyumba nzima kabla hamjafika Korogwe. La pili, hata tupu lioshwe, lichemshwe na kuanikwa kivulini, maana jua kali hupausha rangi. Uzi ulitoka kwenye mabaki ya kamba za mkonge, aliousokota pajani kama alivyosokota kamba za mbuzi kwao. Siku ya kuondoka alifunga kifundo. Fungu la mwisho ni la kauri 7 kwa sababu mama mdogo aliugua malaria na safari ikakatishwa.

Bibi alifariki mwaka juzi. Baada ya matanga kikao cha ukoo kilinipa kazi ya kuandika orodha ya mali, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa karatasi. Nikaandika shamba la juu, shamba la bondeni, mbuzi, kabati, cherehani. Nilipofika kwenye kamba, mjomba mkubwa akaniashiria kwa mkono.

"Mpwa, andika vitu vya maana. Hizo simbi za pwani wape watoto wachezee."

Mama akasema, "Kaka, zihesabu kwanza."

Mjomba alizihesabu, moja moja, akisimama kwenye kila kifundo. Alipomaliza alikaa nayo mkononi muda mrefu. Kisha akasema, "Kumbe zilikuwa siku 68 tu." Yeye ndiye mtoto wa kwanza. Kauri ya kwanza kabisa aliichagua yeye.

Hapo shida ikageuka. Kitu ambacho dakika kumi kabla hakikuwa na thamani, sasa kila mtu alikitaka. Ikapendekezwa kamba ikatwe, kila mtoto wa bibi achukue kauri 17. Hesabu ilikubali, maana 68 kwa 4 ni 17 kamili. Lakini mafungu yangevunjika, na mtu ambaye angepewa 17 za mwisho asingejua tena kwamba 7 kati yake zilikuwa safari iliyokatishwa na ugonjwa. Kamba ingebaki urembo. Habari ingepotea.

Suluhisho lilitoka Makanya, wilaya yetu hiihii ya Same, ambako huchimbwa jasi. Jasi ikichomwa hupoteza sehemu kubwa ya maji yaliyo ndani yake na kuwa unga. Unga huo ukikutana tena na maji huganda kuwa jiwe. Mafundi dari wanaiita jipsam, na binamu yangu ni mmoja wao. Tulijaza mchanga mbichi kwenye trei nne, tukailaza kamba ikiwa imejikunja na kuikandamiza taratibu, tukaiinua, tukamimina uji wa jasi katika alama zilizobaki. Mara ya kwanza uji ulikuwa mwepesi, kingo zikamomonyoka, tukarudia. Jioni tulikuwa na vibao vinne vyeupe, kila kimoja kina kauri 68 na vifundo 5 unavyoweza kuvihesabu kwa kidole gizani. Wajukuu waliandika kwa msumari nyuma ya kila kibao jina la bibi na miaka ya safari.

Mtu aliuliza kwa nini tusishuke Tanga tukaokote kauri nyingine, tutengeneze kamba nne. Nilimjibu kwa kisa cha Maziwe. Kisiwa hicho mbele ya Pangani kilikuwa na miti, na kasa walikuja kutaga. Kilitangazwa hifadhi mwaka 1975, na miaka michache baadaye ardhi yake ilikuwa imemezwa. Leo ni fungu la mchanga linalozama maji yakijaa. Bahari ya Tanga haina akiba ya kutupa sisi sote ukumbusho. Magamba matupu yenyewe ni nyumba za kaa wadogo wanaohama wakikua, na ndani ya hifadhi za bahari hayaondolewi. Kanuni ya bibi ya kauri moja kwa siku inatosha hata sasa, tena ukipiga picha ukaiacha ilipo, ni bora zaidi.

Zaidi ya hayo, kamba nne mpya zingekuwa za uongo. Siku zile hazipo ufukweni kuokotwa upya. Treni ya abiria yenyewe iliwahi kutoweka kwenye njia yetu kwa zaidi ya miaka 20, ikarudi Desemba 2019, na sasa husimama tena Same. Ukiipanda utafika, lakini fundi wa reli aliyekuwa akisubiri jukwaani hayupo.

Nilipoikamilisha orodha, mjomba mwenyewe alinitamkia maneno ya mstari wa mwisho, nami nikayaandika kama alivyosema: "Kamba ya kauri 68, kazi ya mikono ya mama. Itakaa kwa mdogo wetu wa mwisho. Isikatwe."